Shali ya Shubiri na Mshono wa Sabini na Tisa

Mdogo wangu, hivi kweli mtu anaweza kuondoka duniani katikati ya mstari?

Nakuuliza wewe kwa sababu ndiye uliyefanya hivyo. Wiki hii umetimia mwaka tangu utuache. Ilikuwa saa sita na nusu mchana, jua linawaka, watu wanapita nje na mizigo yao, nawe umekaa kwenye kiti chako kifupi katika chumba chetu cha kufumia. Hukuugua. Hukuaga. Hata sindano hukuweka chini. Mwaka mzima sasa, na mimi bado nikiwa kwenye mashine nageuka kukusemesha, neno linafika nusu, naona kiti kitupu, nanyamaza kama mtu aliyemwagiwa maji.

Wenye gazeti wameniambia tangazo la kumbukumbu huwa fupi. Nimewaambia nimesikia.

Kwa wasiokufahamu, jina la Shubiri ulipewa na wateja, kwa kuwa tepu ya kupimia hukuiamini hata siku moja. Mtoto akiletwa kupimwa sweta ya shule, unafungua kiganja chako, kidole gumba hapa, kidole cha mwisho pale, shubiri mbili kifuani, moja na nusu mkononi, umemaliza. Mimi nikirudia kwa tepu nakuta umepatia. Wala hukujisifu. Ulikuwa unasema tu, "Tepu hulegea, dada. Mfupa haulegei."

Miaka thelathini na moja tumefuma sweta za shule wewe na mimi. Mimi kwenye mashine, naangusha migongo na vifua, kra-kra-kra kutwa nzima. Wewe kwa mkono, kola na mikono ya sweta na kuunganisha. Na katika miaka hiyo yote ulikuwa na siri moja ambayo leo naitoa hadharani, unisamehe. Mtoto akija na mlezi ambaye unaona kabisa mwakani hatarudi kununua nyingine, ulikuwa unafuma mkono wa sweta mrefu kwa vidole vinne, unaukunja kwa ndani na kuushikiza kwa uzi mmoja tu. Halafu unamnong'oneza mama wa watu, "Mwakani kata uzi huu, mkono utashuka." Kuna watoto walivaa sweta moja tangu darasa la kwanza hadi la nne. Nilikuwa nakugombeza. Nilisema unatuharibia biashara. Ulikuwa unaitikia, "Ndiyo dada," kisha unakunja mwingine.

Chai yako ulikuwa unaifunika kwa kisahani mpaka inapoa, ndipo unalalamika imepoa. Miwani ulikuwa unaitafuta huku umeivaa. Na ulipokuwa unahesabu mishono ulikuwa unatikisa kichwa kidogo kila ukifika kumi, kama mtu anayekubaliana na mzungumzaji.

Sasa nije kwenye shali.

Ni binti yako muuguzi aliyeileta balaa ile. Alikuja mchana mmoja na karatasi tatu alizochapishiwa, zina picha ya shali nyeupe ya lesi, matundu matupu, maua ya matundu kutoka mwanzo hadi mwisho, nyepesi hata ukadhani ukipiga chafya itaruka. Akasema, "Mama, wodini alfajiri kuna baridi inayoingia kwenye mifupa. Nataka kama hii. Lakini iwe nzuri, nisionekane kama mgonjwa."

Nikaitazama ile karatasi. Mchoro wote ulikuwa vijumba vijumba, kama daftari la hesabu. Kiduara maana yake tundu. Mkwaju, yaani kistari kilichoinama, maana yake unganisha mishono miwili kuwa mmoja. Tukautafuta uzi wake madukani, haupo. Uzi wenyewe ni mwembamba kama unywele, na huku kwetu kuna uzi wa sweta tu, ule ule, wa bluu, wa damu ya mzee, wa kijani na wa kijivu.

"Basi imeshindikana," nikasema.

"Kwa nini ishindikane?" ukasema. "Tuna uzi wa kijivu gunia zima."

"Huo mchoro ni wa uzi wa buibui. Wewe una uzi wa sweta. Ukifuma hivyo utapata blanketi la ng'ombe."

"Kwani ng'ombe hasikii baridi?"

Binti yako akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikaudhika, maana unajua sipendi kuchekwa kwenye kazi ninayoijua. Nikakuambia kwamba mishono ya mwanzo ni mia moja na kumi na minne, na kwa uzi wetu mnene hiyo ni kitanda cha watu wawili. Ukachukua kalamu ya mwanao, ukapindua karatasi, ukaanza kuandika. Nakuona mpaka sasa, ulimi umeutoa pembeni ya mdomo kama wakati ule tulipokuwa shule, unagawanya kwa njia ndefu.

"Sikiliza, dada," ukasema. "Ua moja ni mishono kumi na miwili. Hilo siligusi. Nikiligusa, si ua tena. Mwenye mchoro ameweka maua tisa kwa upana. Uzi ukinenepa, ua linanenepa. Kwa hiyo siyapunguzi maua mishono. Nayapunguza yenyewe. Badala ya tisa, sita. Na mishono mitatu ya ukingo kila upande. Jumla sabini na minane."

"Na sindano?"

"Sindano kubwa. Kubwa kuliko zote tulizo nazo."

Hapo ndipo nilipokupinga kwa nguvu zangu zote. Uzi ule una sindano yake, tumeutumia miaka thelathini na moja, na kila fundi anajua sindano kubwa hufanya sweta legelege. Ukanijibu, "Sweta ya shule tunakaza ili mtoto asiingiwe na upepo. Hii tunataka upepo upite."

Sindano za ukubwa huo hazikuwepo. Ukamwendea mumeo.

Naye nimtambulishe. Shemeji yangu ni fundi wa matairi, na watu wanamwita Presha, kwa sababu ya upepo anaojaza. Kwa tabia hana presha yoyote, ni mtu mtulivu kuliko jiwe la kusagia. Ukimuuliza lolote la nyumbani, chakula gani, pazia la rangi gani, kuta zipakwe nini, anajibu, "Nyinyi mnajua." Siku hiyo alisikiliza maelezo yako mpaka mwisho, akaondoka, akarudi na vipande viwili vya mbao ngumu, akavichonga, akavisugua kwa msasa siku mbili mpaka vikawa laini kama kijiko. Alipokuletea akatutazama sote, akasema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kuzisikia kwake: "Mimi kutwa natafuta tundu nizibe, mke wangu anatafuta pa kutoboa. Nyumba hii itasimama kweli?"

Ulicheka, Shubiri. Jamani, ulicheka!

Ukafuma kwanza kipande cha kujaribia, maua mawili tu. Ukanipa nikione. Na hapa ndipo ninapotaka kukuomba radhi mbele ya wasomaji. Kilikuwa kimejikunja, kimejaa vifundo, matundu yamefumba macho. Nikakuambia kinafaa kusugulia masufuria. Jioni ulikwenda nacho nyumbani, ukaosha lile karai la Presha la kutafutia pancha, ukakilowesha humo, ukakivuta, ukakipigilia pini kwenye godoro kikauke kikiwa kimenyooka. Kesho yake ukaniwekea mezani. Maua mawili yamefunguka, kila petali inaonekana, ukikiinua dirishani mwanga unapita kwenye matundu na kuanguka ukutani. Nilishtuka. Kweli nilishtuka. Uzi wetu wa sweta! Na unajua nilisema nini? Nilisema, "Haya, bahati yako."

Haikuwa bahati. Ilikuwa akili. Nilijua siku ile ile, nikaumeza ukweli kwa sababu mimi ndiye mkubwa.

Ukaanza shali yenyewe. Mchana kidogo hapa kazini kola zikipungua, jioni nyumbani kwako. Ilikua haraka, maana uzi mnene hauna mchezo, ukikaa kitako unaona umepanda. Ulikuwa umevuka nusu. Ua la nane kwa urefu, kati ya kumi na manne uliyoyapanga.

Ile siku nilikuwa na migongo kumi na miwili ya kumaliza. Mashine inapiga kelele. Ukaniita, "Dada, hebu nihesabie. Naona kama mshono mmoja umezidi."

Nikasema, "Subiri nimalize bega hili."

Ni hayo tu, mdogo wangu. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyokuambia ukiyasikia. Nilimaliza bega. Nikafuta mikono. Nilipogeuka ulikuwa umeegemea gunia la uzi, miwani imeshuka puani, shali iko mapajani. Nikadhani usingizi umekupitia, maana asubuhi ulisema umelala vibaya. Sikutaka kukuamsha. Nikachukua ile shali polepole, sindano mkononi, nikahesabu mmoja mmoja kama ulivyoniomba. Nikafika mwisho. Nikasema, "Sabini na tisa. Kweli umezidi mmoja, Shubiri."

Hukujibu. Nikarudia kwa sauti. Nikakugusa mkono.

Daktari alisema ni moyo, na kwamba hata kama ningegeuka ulipoita, nisingekuwahi. Ameniambia mara mbili, kwa upole. Namwamini kichwani. Lakini nani atanieleza ilikuwaje mimi nikakaa nikihesabu mishono ya maiti ya mdogo wangu, nikiwa makini nisiruke hata mmoja? Mwaka mzima naliuliza hilo. Nikiwa nachota maji naliuliza. Nikiwa nimesimama foleni ya mkate naliuliza, mpaka mtu nyuma yangu ananiambia bibi songa.

Shali niliiweka kwenye mfuko wa kitambaa kama ilivyo, na sindano zake, nikaitundika nyumbani kwako nyuma ya kiti. Hakuna aliyeigusa kwa miezi minane. Mwezi wa tisa binti yako alikuja kwangu, akiwa bado na sare za kazi, akasema, "Mama mkubwa, siku ya mwaka nataka nijifunge shali ya mama. Nimalizie."

Nikasema sawa. Ndilo jambo pekee nililoona naweza kukufanyia. Sweta unajua nimefuma ngapi, siwezi kushindwa na mistari mia moja ya uzi ninaoujua kwa harufu.

Nikaketi, nikahesabu tena. Sabini na tisa. Nikaona, basi, mdogo wangu alikuwa amekosea, hata yeye mwenyewe alisema umezidi. Nikaendelea kutoka pale sindano ilipokuwa imesimama, nikaanza na ile mishono mitatu wazi, isiyo na tundu, kwenye mchoro, na nilipofika ukingoni nikaunganisha miwili ili kuuondoa ule uliozidi. Sabini na minane. Nikajipongeza. Nikafuma mistari minne.

Ilikuwa Jumapili alasiri, niko sebuleni kwako, binti yako yuko mapumziko ananiandalia chai, Presha yuko mlangoni anapanga viraka vyake kwenye kopo. Nikaitandaza shali kwenye meza. Yale maua ya upande wa kulia yalikuwa yamesimama. Ya kushoto yote yamelala, kama watu waliosimama kwenye gari likakata kona.

"Mama mkubwa," binti yako akasema, "mbona haya yameinama?"

"Ni mama yako," nikasema. "Alikuwa ameacha mshono mmoja umezidi. Nimeuondoa, lakini naona kosa lake bado linavuta."

Kule mlangoni kopo likaacha kulia.

"Hakukosea," Presha akasema.

Sote tukageuka.

"Alikuwa katikati," akasema. Wala hakuinua macho. "Tundu lilikuwa limeshatoka, miwili ya kuunganisha bado. Ukihesabu hapo lazima ipatikane sabini na tisa. Ukishaunganisha inarudi sabini na minane."

Watu wa nyumbani kwangu wanajua mimi sikosi la kusema, lakini siku ile ningewekewa nzi mdomoni angetoka salama. Kwa wasiofuma nieleze, ni rahisi. Kila tundu la lesi linaongeza mshono mmoja. Baada yake unaunganisha miwili, na huo ulioongezeka unakwisha. Tundu na miwili yake ni kama hatua ya mguu wa kulia na wa kushoto. Wewe uliondoka mguu mmoja uko hewani. Mimi, fundi wa miaka thelathini na moja, nikadhani umejikwaa. Nikauruka ule mguu wa pili, nikaenda kukata mshono usio na hatia kule pembeni. Na nilikuwa nimeshawaambia watu. Niliwaambia majirani, niliwaambia walimu waliokuja kutupa pole, "Kumbe alikuwa ameanza kuchanganyikiwa, hata mishono ilikuwa inamzidi." Nimekusingizia mwaka karibu mzima.

"Shemeji," nikasema, "wewe umeyajuaje haya?"

"Alikuwa ananisomea."

"Anakusomea nini?"

"Mchoro. Jioni. Macho yake yalikuwa yanachoka kwenda kwenye karatasi na kurudi kwenye sindano. Anausoma mstari mara moja, mimi naushika, halafu yeye anafuma mimi namtajia." Akaanza kuutaja, akiwa pale pale na kiraka mkononi, kwa sauti ile ile anayotajia saizi za matairi: "Mitatu ya ukingo. Moja, tundu, miwili pamoja. Tatu wazi. Miwili pamoja, tundu, nne wazi. Rudia mara sita." Akautaja wote. Na unaofuata. Na unaofuata.

Binti yako alikuwa ameshika birika na chai inamwagikia kwenye sahani.

"Na kila mara alikuwa anahesabu katikati," Presha akasema. "Anashtuka, anasema umezidi mmoja. Namwambia, maliza miwili kwanza ndipo uhesabu. Kila jioni. Anacheka, anamaliza, inakuwa sawa."

Kisha akasema taratibu, "Mchana sikuwepo."

Kumbe swali uliloniuliza mimi siku ile lilikuwa na mwenyewe, na jibu lake lilikuwa maneno matano tu.

Na sasa nikuambie baya kuliko yote, ulisikie kutoka kwangu. Nilifanya haraka, mimi ambaye watu husifu subira yangu. Nilitaka kulifuta kosa langu mara moja, pale pale mbele yao. Nikachomoa sindano, nikavuta uzi. Mstari wangu wa nne ukafumuka, wa tatu, wa pili, wa kwanza. Macho yamejaa machozi, sioni. Uzi mnene hufumuka haraka, Shubiri, ni kama kuporomoka kwa ngazi. Binti yako akapiga kelele, "Mama mkubwa, simama!" Niliposimama nilikuwa nimeipita ile nusu ya mstari wako, na mstari mzima ulio chini yake.

Mkono wako ulikuwa mlegevu, wangu unakaza, kila mtu anaweza kuona palipo pako na palipo pangu. Ule ulikuwa wako. Uzi wake ulibaki mkononi mwangu umejikunja mawimbi mawimbi, kila wimbi mshono mmoja ulioufuma wewe.

Nikaiokota mishono mmoja mmoja, nikairudisha kwenye sindano. Hiyo niliweza. Lakini kufuma, mikono imekataa. Niliona nikigusa tena nitakumaliza kabisa, mstari kwa mstari, huku nikisema nakumalizia.

Binti yako akasema, "Basi, Mama mkubwa. Ifunge hapo hapo. Iwe fupi, nitaifunga shingoni."

Nikasema, "Mama yako alipanga maua kumi na manne. Nikifunga kwenye saba na kipande, atakuwa alifuma nini? Taulo?"

"Atakuwa alifuma alipofika!" akasema kwa ukali, kisha akalia, nami nikalia, tukashikana. Tangu siku hiyo ni mvutano. Yeye anataka ifungwe isiharibike tena. Mimi nataka iendelee lakini siwezi kuigusa. Fundi mwingine hatutaki, mkono wa mgeni utaonekana. Tulimuuliza Presha, kwa kuwa yeye ndiye mumeo na neno lake ndilo la kwanza. Tulimuuliza Jumapili ile, na Jumapili iliyofuata, na mwezi uliofuata. Ifungwe au iendelee? Anatazama mlango. "Nyinyi mnajua," anasema.

Hatukujua, na siku yako ikawa inakaribia, na shali iko mfukoni.

Jumamosi iliyopita tulikutana tena sebuleni kwako niwasomee tangazo hili kabla halijakwenda kupigwa chapa, wasije wakasema nimeandika mambo bila idhini. Binti yako alikaa kwenye mkono wa kochi. Presha alikaa karibu na mlango, kofia gotini, mikono ameiosha lakini weusi wa mpira umebaki kwenye mistari ya viganja kama siku zote. Nikasoma yote mliyoyasoma hapo juu. Penye ng'ombe binti yako alicheka, na mimi nikafurahi, maana nilidhani hatacheka. Penye kuhesabu nilishindwa, akanipokea karatasi akasoma yeye, kisha akanirudishia.

Nikamalizia kwa kutaja wanaokukumbuka. Nao ni hawa. Mumeo, fundi Presha. Binti yako muuguzi. Mimi dada yako, niliyelala nawe kitanda kimoja mpaka ulipoolewa. Wajukuu zangu saba, ambao wote umewafumia na wote wanakuita Bibi Shubiri. Majirani wa chumba cha kufumia, yule kinyozi wa mkono wa kulia na mama wa vitambaa wa mkono wa kushoto, ambao bado wanashusha sauti wakipita mlangoni kwetu. Na watoto ambao hatujui idadi yao, waliokata uzi mmoja mwaka uliofuata na mkono wa sweta ukashuka. Maadamu pumzi imo ndani yetu, hatutaacha kukutaja.

Hapo ndipo tangazo lilipokuwa linaishia. Nikakunja karatasi. Kwa adabu tu, bila kutegemea kitu, nikamgeukia shemeji yangu.

"Shemeji, kuna neno la kuongeza?"

Akazungusha kofia gotini. Nikawa nimeshainuka, najua jibu lake.

"Lipo," akasema.

Nikakaa. Binti yako akashika bega langu. Presha akanyanyuka, akaenda nyuma ya kiti, akautungua ule mfuko, akarudi akaketi, akauweka mapajani kwa namna mtu anavyopakata mtoto asiye wake. Akaufungua. Akaigusa sindano kwa kidole kimoja.

"Mmekuwa mnaniuliza ifungwe au iendelee," akasema. "Maneno yote ninayo kichwani, mpaka ua la kumi na nne. Mikono ndiyo sijui. Nilitaka mnifundishe mikono, niimalize mimi."